Ujerumani, Kanada au Falme za Kiarabu: Uchague Ipi kwa Kazi na Maisha?

Mtu wa Afrika Mashariki anayetaka kwenda kufanya kazi ughaibuni hukutana mapema na majina matatu: Ujerumani, ambako wauguzi na mafundi wanatafutwa, Kanada, inayosifika kwa kumpa mhamiaji ukaazi wa kudumu tangu siku anapowasili, na Umoja wa Falme za Kiarabu, hasa Dubai na Abu Dhabi, ambako ndege kutoka Nairobi au Dar es Salaam hufika kwa saa tano hivi na mshahara haukatwi kodi ya mapato. Kila nchi ina wanaoisifu na wanaoilaani miongoni mwa ndugu zetu waliotangulia, na aghalabu pande zote mbili husema kweli, kwa sababu hawakwenda kutafuta kitu kimoja.

Vigezo vya ulinganisho

Mazungumzo mengi kuhusu nchi za nje huanzia kwenye mshahara na kuishia hapo hapo. Mshahara una uzito wake, lakini ukisomwa peke yake unapotosha, kwa hiyo hapa umewekwa kama jambo moja kati ya matano. La kwanza ni mlango: nchi inadai nini kabla hujapanda ndege, na maandalizi yake yanachukua muda gani. La pili ni kinachobaki mkononi baada ya makato, pango na gharama za kufika. La tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote ingawa wengi huliruka, ni hali yako siku kazi inapokwisha: je, haki ya kuishi nchini inabaki kwako, au inakwenda na mwajiri? La nne ni familia, na la tano ni maisha ya kila siku, yaani lugha, hali ya hewa, mapumziko na umbali kutoka nyumbani. Ulinganisho unamhusu mtu mwenye elimu ya sekondari au zaidi anayekusudia kwenda kwa njia halali. Masomo ya chuo kikuu na hifadhi ya wakimbizi vina taratibu zake na havikuguswa.

Mlango wa kuingilia

Ujerumani inadai subira kuliko nyingine zote, na sababu ni lugha. Sheria yake ya uhamiaji wa wenye ujuzi, iliyoanza kutumika Machi 2020 na kupanuliwa kwa hatua kuanzia Novemba 2023, imeweka njia kadhaa. Muuguzi aliyesomea nyumbani anatakiwa cheti chake kitambuliwe rasmi na awe na Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha nne kati ya viwango sita vinavyoanzia A1 na kuishia C2. Wengi huanza kazi kama wasaidizi huku wakikamilisha mafunzo ya kujazia au mtihani. Kijana asiye na taaluma anaweza kuomba mafunzo ya ufundi ya Ausbildung, yanayochukua miaka miwili hadi mitatu na nusu, ambapo hugawa muda wake kati ya darasa na kazini na hulipwa posho ya kila mwezi; kiwango cha chini cha kisheria kwa walioanza mwaka 2025 kilikuwa euro 682, na wanafunzi wa uuguzi katika hospitali nyingi hupata zaidi ya euro 1,000. Huko nako Kijerumani cha angalau B1 ndicho kinachodaiwa kwa kawaida. Njia ya tatu ni Kadi ya Fursa, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024, inayompa mwenye taaluma hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi akiwa ndani ya nchi, kwa mfumo wa alama. Kadi hiyo inaruhusu kazi ya muda isiyozidi saa 20 kwa wiki, lakini mwombaji lazima athibitishe fedha za kujikimu, ambazo kwa mwaka 2025 zilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, yaani takriban euro 13,000 kwa mwaka mzima. Kiasi hicho huwaondoa wengi mapema.

Wakenya wameusikia sana mkataba wa uhamiaji uliotiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Ni kweli upo, na unarahisisha baadhi ya taratibu, lakini habari kwamba umetenga nafasi 250,000 za kazi ilikanushwa na serikali ya Ujerumani yenyewe. Mkataba hautaji idadi yoyote.

Kanada haimdai mtu lugha mpya ikiwa tayari anajua Kiingereza au Kifaransa, ila inampima kwa ukali kwa kumlinganisha na waombaji wengine. Mfumo wa Express Entry, uliozinduliwa Januari 2015, humpa kila mwombaji alama kati ya 1,200 kwa kuangalia umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi, kisha wenye alama za juu ndio wanaoalikwa kuomba ukaazi wa kudumu. Umri ndio unaowashangaza watu: alama za juu kabisa ni za walio kati ya miaka 20 na 29, hupungua kila mwaka kuanzia 30, na aliyefika 45 hapati hata moja kwa kigezo hicho. Tangu tarehe 25 Machi 2025 ahadi ya ajira haiongezi alama kama ilivyokuwa zamani, kwa hiyo anayekuuzia barua ya ajira ili upande alama anakuuzia karatasi. Mwombaji asiye na kazi Kanada pia huonyesha akiba, ambayo kwa mtu mmoja imepita dola 15,000 za nchi hiyo. Mlango wenyewe umebana kidogo: lengo la wakaazi wapya wa kudumu lilikuwa 485,000 mwaka 2024 na likashushwa hadi 395,000 mwaka 2025.

Falme za Kiarabu ndizo zenye mlango mwepesi. Mwajiri ndiye anayeomba kibali, mkataba husajiliwa katika wizara inayohusika na rasilimali watu, na mtu anaweza kuwa kazini ndani ya wiki chache tangu apate ofa. Sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri au kushikilia pasipoti yake. Hata hivyo, watu wengi kutoka kwetu hulipa fedha nyingi kwa mawakala kwa ajili ya kitu ambacho kisheria hakiuzwi, na wengine huingia kwa viza ya matembezi wakitumaini kupata kazi wakiwa huko. Kutafuta kazi kwa viza hiyo ni jambo la kawaida, bali kuanza kufanya kazi kabla ya kibali kutoka ni kosa, na gharama yake humwangukia mgeni. Ofa iliyosainiwa nyumbani isomwe sambamba na mkataba uliosajiliwa. Vikitofautiana, kinachoshika ni kile kilichosajiliwa.

Kinachobaki mkononi

Hati ya mshahara ya Ujerumani humtisha mgeni mwezi wa kwanza. Juu kumeandikwa mshahara ghafi, tuseme euro 3,000. Chini yake zinafuata safu za kodi ya mapato, bima ya afya, bima ya uzee, bima ya ukosefu wa kazi na bima ya uangalizi wa wasiojiweza, na mwishoni mtu asiye na mwenzi wala mtoto hubaki na euro 2,100 hivi. Ni makato makubwa, lakini yana majibu. Mchango wa pensheni ni asilimia 18.6 ya mshahara na nusu yake hulipwa na mwajiri. Bima ya afya nayo hugawanywa, na mgonjwa huendelea kulipwa mshahara wake kamili na mwajiri hadi wiki sita. Pango linalotangazwa mara nyingi halijajumlisha joto na huduma nyingine, na mwenye nyumba anaweza kudai amana ya hadi miezi mitatu, kwa hiyo miezi ya mwanzo ni ya kutoa kuliko kupokea. Munich na Frankfurt hula sehemu kubwa ya mshahara. Miji kama Leipzig ina nafuu. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025 na kimepanda hadi 13.90 kuanzia Januari 2026.

Kanada hukata kodi ya shirikisho na ya jimbo, na tofauti kati ya majimbo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Toronto na Vancouver zinajulikana kwa pango la juu sana. Edmonton na Winnipeg zinabebeka, na Alberta haina kodi ya mauzo ya jimbo. Kosa linalojirudia ni kukadiria kipato cha mwaka wa kwanza kwa kutazama mshahara wa taaluma yako. Uuguzi, udaktari, uhandisi na ualimu vinahitaji leseni ya jimbo, na utaratibu wake unaweza kuchukua miezi mingi au miaka. Katika kipindi hicho mwenye shahada hufanya kazi ghalani au katika makao ya wazee kwa ujira unaokaribia kima cha chini, ambacho Ontario kilikuwa dola 17.60 kwa saa kuanzia Oktoba 2025. Wahasibu, watu wa kompyuta na mafundi wa fani zisizodai leseni huvuka kipindi hicho kwa urahisi zaidi.

Katika Falme za Kiarabu, mshahara ulioandikwa ndio unaoingia benki, na dirhamu imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.6725 tangu mwaka 1997, jambo linalomfaa anayetuma fedha nyumbani. Lakini mkataba unapaswa kusomwa mstari kwa mstari, kwa sababu jumla ya mshahara hugawanywa kati ya mshahara wa msingi na posho. Chukua mtu aliyeahidiwa dirhamu 5,000 ambazo ndani yake 2,000 tu ndizo za msingi. Kiinua mgongo chake huhesabiwa kwa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, yaani dirhamu 1,400 kwa mwaka. Laiti msingi ungekuwa 4,000, kingekuwa 2,800, ilhali fedha za kila mwezi ni zile zile. Hapa ndipo pa kujadiliana kabla ya kusaini. Swali la pili ni malazi. Mwajiri anayetoa nyumba, usafiri na bima anakuachia karibu mshahara wote. Asiyetoa anakuacha katika soko ambalo wenye kipato kidogo hukodi kitanda ndani ya chumba cha watu kadhaa. Sekta binafsi haina kima cha chini cha jumla kwa wageni, kwa hiyo hakuna sakafu ya kukushika ukikubali kidogo.

Siku kazi inapokwisha

Mwenye ukaazi wa kudumu wa Kanada akifukuzwa kazi leo, kesho ana haki zile zile za kuishi alizokuwa nazo jana. Anaweza kubadili mji, fani au mwajiri bila kumwomba mtu ruhusa, na akiwa amefikisha saa za kazi zinazotakiwa hupata fidia ya ukosefu wa ajira. Sharti la kudumisha hadhi hiyo ni kukaa nchini angalau siku 730 katika kila miaka mitano, na uraia unaweza kuombwa baada ya siku 1,095 ndani ya miaka mitano. Hayo hayamhusu aliyeingia kwa kibali cha muda kilichofungwa kwa mwajiri mmoja. Huyo yuko karibu zaidi na hali ya Dubai kuliko anavyofikiri.

Ujerumani inakaa katikati. Kibali cha miaka ya mwanzo hutegemea kazi, na ukiipoteza unapaswa kuijulisha ofisi ya wageni, ambayo inaweza kukifupisha lakini kwa kawaida huacha muda wa kutafuta nyingine. Aliyechangia bima kwa miezi 12 hupata asilimia 60 ya mshahara wake wa mkononi, au 67 akiwa na mtoto. Kadiri muda unavyopita ndivyo ardhi inavyokuwa imara: mwenye taaluma anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu, aliyehitimu Ausbildung au chuo nchini humo baada ya miwili ya kazi, na mwenye Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha wataalamu wenye ofa ya kazi ya mshahara mzuri, baada ya miezi 27, au 21 akiwa na Kijerumani cha B1. Tangu tarehe 27 Juni 2024 uraia huombwa baada ya miaka mitano na hakuna sharti la kuacha uraia wa awali.

Sharti hilo likiondolewa na Ujerumani, bado kuna upande wa nyumbani. Mkenya na Mganda wanaruhusiwa uraia pacha. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine hupoteza wa Tanzania, ingawa serikali imeweka utaratibu wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya nchi hiyo; na katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inasema uraia wake hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Kwa hao, ukaazi wa kudumu huenda ukawa ndio mwisho wa safari wanaoutaka, na hapo tofauti kati ya Ujerumani na Kanada hupungua.

Falme za Kiarabu hazifichi msimamo wao: umealikwa kufanya kazi, na kazi ikiisha unaondoka. Kibali cha kawaida ni cha miaka miwili na kimefungwa kwa mwajiri. Kikifutwa, kuna muda wa neema wa kutafuta kazi nyingine au kuondoka. Tangu Januari 2023 kuna bima ya ukosefu wa ajira inayochangiwa dirhamu 5 kwa mwezi na wenye mshahara wa msingi usiozidi 16,000, nayo hulipa hadi asilimia 60 ya msingi kwa miezi isiyozidi mitatu, lakini wafanyakazi wa majumbani hawamo. Hao wana sheria yao ya mwaka 2022, na kwa vile kazi na makazi yao viko chini ya dari moja, kupoteza kazi kwao ni kupoteza pa kulala usiku huo huo. Ukaazi wa miaka kumi upo kwa wawekezaji na wataalamu wachache. Uraia si jambo la kupangia.

Familia

Kanada ndiyo inayoirahisishia familia safari ya pamoja: mwenzi na watoto walio chini ya miaka 22 huingizwa katika ombi moja, mwenzi hufanya kazi popote, na shule za umma hazina ada. Kuna pia ruzuku ya mtoto isiyotozwa kodi, inayopungua kadiri kipato kinavyopanda. Matibabu ya daktari na hospitali hulipiwa na umma, ila dawa na meno kwa sehemu kubwa hapana, na kupata daktari wa familia kunaweza kuchukua muda mrefu.

Ujerumani hulipa posho ya mtoto, euro 255 kwa mwezi mwaka 2025, na vyuo vikuu vya umma katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo. Mwenzi kwa kawaida hudaiwa Kijerumani cha awali, isipokuwa wa mwenye Kadi ya Buluu. Anayesoma Ausbildung asihesabu kuwaleta mke na watoto mapema, kwa kuwa posho yake ni nadra kutosha kuthibitisha kwamba anaweza kuwatunza.

Falme za Kiarabu humruhusu mfanyakazi kuidhamini familia akilipwa angalau dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na malazi. Kuruhusiwa ni jambo moja na kumudu ni jingine: watoto wa wageni husoma zaidi shule binafsi, na ada za watoto wawili zinaweza kumeza faida yote ya kutokatwa kodi. Ndiyo maana wenye kipato cha kati huwaacha watoto kwa bibi na kuwatumia fedha.

Maisha ya kila siku

Hapa tofauti ni za wazi. Likizo ya kisheria Ujerumani ni siku 20 za kazi kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, na mikataba mingi huongeza. Falme za Kiarabu ni siku 30 za kalenda baada ya mwaka mmoja. Majimbo mengi ya Kanada huanza na wiki mbili tu. Baridi ya Winnipeg huweza kushuka zaidi ya nyuzi 30 chini ya kiwango cha kuganda, wakati joto la Ghuba ni kali kiasi kwamba kazi za juani hupigwa marufuku kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa alasiri, tangu tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Mwislamu atapata msikiti na chakula halali Dubai bila kuuliza. Huko Ujerumani na Kanada, vyote viwili vipo katika miji mikubwa. Dubai imeitangulia saa ya Afrika Mashariki kwa saa moja, ilhali Toronto iko nyuma kwa saa saba au nane, na anayemuuguza mzazi kwa simu ataihisi tofauti hiyo kila wiki.

Uamuzi kwa hali yako

Ukiwa na lengo lenye mwisho, kama kumaliza nyumba, kulipa deni au kupata mtaji ndani ya miaka mitatu hadi mitano, na hukusudii kuhamia moja kwa moja, Falme za Kiarabu zinakufaa, mradi malazi yawe juu ya mwajiri na mshahara wa msingi uwe zaidi ya nusu ya jumla. Wakala athibitishwe kabla ya kumpa pasipoti: Kenya kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, Tanzania kwa Wakala wa Huduma za Ajira wa serikali.

Ukiwa umemaliza sekondari juzi, huna taaluma wala akiba kubwa, lakini una miaka ya kuwekeza, Ujerumani kwa njia ya Ausbildung ndiyo inayokupa ujuzi na posho kwa pamoja. Kipimo ni Kijerumani. Jiandikishe kozi ya A1, iwe Goethe-Institut ya Nairobi au Dar es Salaam au kwingineko panapofundishwa vizuri, na uone kama unaweza kuendelea, kabla ya kumlipa yeyote ada ya kukutafutia nafasi.

Muuguzi aliyesajiliwa ana uchaguzi mgumu zaidi. Ujerumani itamchelewesha kabla ya safari kwa sababu ya lugha, Kanada itamchelewesha baada ya safari kwa sababu ya leseni. Mwenye watu wanaomtegemea kwa fedha za kila mwezi ni heri acheleweshwe akiwa bado ana ajira nyumbani.

Mwenye shahada, mwenzi na watoto, ambaye bado hajavuka miaka 35 na ana akiba, aitazame Kanada kwanza, na akipangie bajeti kipindi cha kusubiri leseni. Aliyevuka 40 katika hali hiyo hiyo atafute ofa ya kazi Ujerumani itakayompa Kadi ya Buluu.

Na msomaji wa Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura aliyesomea kwa Kifaransa ana nafasi ambayo jirani yake wa Mombasa hana. Kanada huendesha duru maalumu za mwaliko wa Express Entry kwa wanaojua Kifaransa vizuri, ambazo baadhi zimealika watu wenye alama chini ya 400 wakati duru za jumla zilidai zaidi ya 500. Afanye mtihani wa Kifaransa wa TEF au TCF wa Kanada kwanza, kabla ya kulipia tathmini ya vyeti, kwa kuwa matokeo hayo ndiyo yatakayomwonyesha kama duru hizo zinamfikia.